Mama Mkwe Hapitwi

Miaka ile ya ruksa, bandari ilipofunguka na kila mwenye mjomba Dar akaanza kuota usukani, nyumbani kwetu yaliingia magari mawili kwa mkupuo. Jekundu lilikuwa la kaka yangu, jeupe la mume wangu. Yote yalikuwa madogo, yote yametumika Japani mpaka wenyewe wakayachoka, na injini zake zilikuwa na ukubwa uleule. Mtu mwenye akili angeona hapo hapana cha kubishania. Kaka na mume wangu walibishana mwaka mzima.

Ubishi ulikuwa juu ya kuchomoka. Gari la kaka lilikuwa la gia za mkono, naye alidai kwamba ukigusa tu mafuta, tayari uko mbele. La mume wangu lilikuwa otomatiki.

"Shemeji, hilo lako likiambiwa twende, linaitisha kikao kwanza," kaka alimwambia.

Mume wangu, mtumishi wa wizara aliyevijua vikao, alijibu kwamba kikao kikishafungwa hakuna wa kumkamata. Jumapili moja asubuhi walijaribu pale Area D, mtaani kwetu mjini, mimi nikiwa mwamuzi kando ya barabara na kanga mkononi. Niliposhusha kanga, jekundu lilitangulia, jeupe likaanza kulifikia, halafu mbuzi wa mtu wakaingia barabarani na wote wawili wakafunga breki. Kila mmoja alirudi nyumbani mshindi.

Ningewaacha wabishane mpaka kiama, lakini kulikuwa na mama.

Mama yetu aliishi Chamwino, na macho yake yalikuwa yanaharibika. Alitakiwa aje mjini mara kwa mara kupimwa presha ya macho na kupewa dawa. Akiacha, daktari alituambia bila kupamba, atapofuka. Kaka ndiye aliyekuwa akimleta. Kisha kaka akapata uhamisho wa kwenda Mwanza. Likabaki gari jeupe, na gari jeupe lilikuwa la mkwe.

Asiye wa kwetu aelewe: mama hakai chumba kimoja na mume wa binti yake, hali naye, hamtazami usoni, na akiwa na neno naye humpitishia mtu wa tatu. Si chuki, ndiyo heshima yenyewe. Mume wangu alikuwa mtu wa Bukoba. Shangazi zangu walimfundisha mambo haya kabla ya ndoa, naye akayakariri kama mtu anayejiandaa kwa mtihani, halafu akapitiliza. Akimwona mama kwa mbali sokoni Majengo, alijitosa katika duka lolote lililokuwa karibu. Siku moja alirudi nyumbani na mfuko wa ulezi ambao hakuna aliyeuhitaji.

Kupanda gari lake? Mama alisema afadhali apofuke. Alisema hivyo huku akinimenyea karanga, kwa sauti ya kawaida kabisa. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia.

Siku ya mwisho ya kaka kumpeleka mama hospitali, tulikwenda wote Chamwino. Mama alipanda gari jekundu, akakaa nyuma. Mimi na mume wangu tulikuwa katika jeupe. Kabla ya kuondoka, kaka alikuja dirishani kwetu.

"Shemeji, leo lami yote ni yetu na mbuzi hakuna. Atakayetangulia kufika mjini, ubishi umekwisha."

Mume wangu akakubali. Walikuwa watu wazima wenye vyeti vyao, na hakuna kati yao aliyejiuliza ni nani aliyekaa kiti cha nyuma cha gari jekundu.

Kaka akachomoka. Mume wangu akakanyaga mafuta, kikao kikafanyika, kikafungwa, tukaanza kumla kaka kidogokidogo. Nilikuwa upande wa damu yangu, lakini ukweli ni ukweli: jeupe lilikuwa na mbio zaidi. Tulimfikia upesi, na mbele barabara ilikuwa wazi. Mume wangu akawasha indiketa, akasogea kulia, akaiona kanga ya mama kwenye kioo cha nyuma cha jekundu. Akazima indiketa, akarudi nyuma.

"Mbona hupiti?"

"Nimpite mama mkwe?"

"Si yuko ndani ya gari?"

"Nimpite, nimtimulie moshi usoni?"

Akajaribu tena, akashindwa tena. Gari letu lilinguruma, likarudishwa, likanguruma, likarudishwa. Kaka alitoa mkono dirishani akatupungia. Katika ndoa na udugu wangu wote, sijawahi kuchukizwa na kitu kama mkono ule.

Kisha jekundu likaanza kufuka mvuke. Kaka alikuwa amelikamua mpaka likachemsha. Akaegesha, akafungua boneti, akaitazama injini kama atakayepewa maelezo. Mume wangu alisimamisha gari nyuma huko, mbali kiasi kwamba ilinibidi kutembea na jua lile. Daktari wa macho alikuwa akiondoka adhuhuri, na jua lilikuwa linatukaribia utosini.

"Mama," nilisema, "gari litakalokupeleka ni lile pale. Leo na siku zote. Nakuomba."

Nilijikuta nimepiga magoti kwenye changarawe. Mama alitazama upande wa gari jeupe. Sijui aliona nini, pengine weupe tu.

"Atatazama mbele?" akauliza.

"Dereva hutazama mbele, mama."

Akajifunika kanga mpaka kwenye paji la uso, akapanda kiti cha nyuma. Mume wangu alikuwa ameshakigeuza kioo cha kati kikatazama dari. Tukamwacha kaka na mvuke wake, tukaondoka kwa mwendo wa msafara wa mazishi. Baiskeli yenye gunia la mkaa ikatupita. Nilitazama saa, nikatazama shingo ya mume wangu iliyokuwa inatiririka jasho.

Mama akakohoa.

"Mwanangu, mwambie mwenye gari kwamba kule nyuma nilikuwa namsikia. Njia nzima analizuia. Mwambie aliachie."

Nikamgeukia mume wangu, ambaye kisogo chake kilikuwa karibu kuguswa na pumzi ya mama.

"Mama anasema uliachie."

"Mwambie mama nimesikia," akasema.

Gari likafanya kikao kifupi kuliko vyote nilivyopata kuona. Baiskeli tuliipita, na kila kilichokuwa mbele yetu tukakipita, na hospitali tulimkuta daktari bado hajavua koti. Mama alishuka bila kugeuka, akanishika mkono.

"Mwambie," akasema, "safari ijayo aje mapema."