Marehemu wa Swaka

"Hilo daftari limenimaliza mpaka mifupa," Teresa alikuwa anasema. "Tulipokimbia nililibeba kichwani, watoto wakatembea. Siku nikifa mtanizika na mchwa wake."

Mumewe Swaka alilipangusa daftari vumbi. Amezoea. Vitani huyu mzee alikuwa askari wa miguu, na kwa sababu kalamu ilimtii kuliko bunduki, kamanda alimpa daftari la kikosi. Kila jioni aliandika: tumetembea, hatukula, fulani amekufa. Siku hizi watu wanatoka hata mtaa wa Lemon Gaba kuja kwake hapa mtaani Kator kuulizia ndugu zao. Chai yote ya Teresa inaishia kwa wageni. Na kwangu mimi jirani, sikatai.

Mgeni wa asubuhi hiyo alikuwa Adhel, mama mtu mzima ambaye mumewe Majur alipotelea katika kikosi hicho.

"Kijana wangu anataka kuoa," alisema. "Shemeji zangu wanasema, kama baba yake alikufa, kwanza tufanye karama, sadaka ya marehemu, tuchinje, watu wale, wamwombee. Kama yuko hai, tumngoje, ng'ombe za mahari ni yeye wa kutoa. Nisomee tu, mzee."

Swaka alivaa miwani yake iliyofungwa kwa waya, akafunua polepole.

"Majur. Amekufa. Tulikuwa tunavuka mto."

Adhel alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia la makaa. "Khalas, basi. Nitachinja."

"Ngoja kwanza, mama." Swaka alivua miwani. "Kule msituni mtu akitoroka kikosi, kamanda alikuwa anatuma askari kushika ndugu zake nyumbani. Sasa kila aliyekimbilia kambi za wakimbizi Uganda, mimi nilimwandika amekufa. Kamanda akisoma, khalas, hamtafuti tena."

"Na waliokufa kweli?" akauliza Adhel.

"Hao pia niliandika amekufa. Ningeandika nini?"

Teresa aliweka birika chini akalisogelea daftari, jambo ambalo sijawahi kuliona tangu tuwe majirani.

"Mzee," nikamchokoza, "si ungeweka hata ka-alama kadogo pembeni?"

"Mimi nikiona alama, kamanda haoni?" Hakucheka. "Nilikuwa nawaweka kichwani. Huyu yuko Uganda, huyu tumemzika. Wote nilikuwa nawajua."

"Na Majur?" Adhel aliuliza.

"Mto naukumbuka. Usiku ule watu walipita upande wa pili, wengine maji yakawachukua. Yeye alikuwa upande gani, sikumbuki..." Alipapasa uso kwa viganja vyote viwili. "Nimechoka, mama. Wanakuja kila wiki, nawasomea, wanalia, wanaenda kuchinja. Wewe nimeshindwa kukudanganya."

"Hujanidanganya, lakini hujaniambia kitu. Kijana ananingoja nyumbani. Nimwambie nini? Tuchinje au tungoje?"

Swaka aliliacha daftari wazi juu ya meza, akavaa ndala zake, akatoka uani akielekea njia ya soko la Konyo Konyo.

"Mzee Swaka," Adhel akaita, "nichinje au ningoje?"

Mzee alikuwa ameshafika barabarani, anatembea.