Mama wa Mfano

Wateja wa Tabora, Mungu awape maisha marefu, wana ugonjwa mmoja. Tovuti wanaitaka leo, picha wataleta kesho, na hiyo kesho yao haijulikani itaingia lini. Recheli alikwisha kuwazoea. Alikuwa mbunifu wa kujitegemea, maana yake hana bosi wala kibao mlangoni, ana kompyuta, meza, na chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake kule Kitete. Hapo alitengeneza kadi za harusi, lebo za chupa za asali, vipeperushi vya maduka ya dawa, na tovuti za watu waliosikia kwamba siku hizi asiye na tovuti hajulikani.

Ili kazi zisilale, alijitungia njia yake. Mahali palipongoja picha ya mteja, alimweka mama yake kwa muda. Mama Advera, mzaliwa wa Goweko aliyekulia kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, alivalishwa koti jeupe la kuazima akawa mfamasia. Alipachikwa miwani akawa mwalimu mkuu. Alishikishwa jembe akawa mkulima bora, na hiyo ndiyo kazi pekee aliyosema hahitaji kufundishwa. Kila Recheli alipotokea na simu mkononi, mama aliinuka jikoni, akajifuta mikono kwenye kitenge na kuuliza, "Haya, leo mimi nani?"

"Leo wewe ni meneja wa hoteli."

"Basi niletee chai. Meneja hajipikii."

Mteja akileta picha zake, mama aliondolewa na mwenye tovuti akakaa mahali pake. Mama aliita hiyo kustaafu. Alisema mjini hapa hakuna mtu aliyestaafu kazi nyingi kama yeye, na kiinua mgongo bado hajakiona.

Alifariki majira ya masoko ya tumbaku, moyo tu, asubuhi akiwa anaosha vyombo. Recheli hakulia. Wanawake wa kwaya ya Moravian walimshika mabega wakingoja alie, wakachoka kushika, wakaenda kusaidia kupika. Mjomba Masolwa, mdogo wake marehemu na msemaji wa familia, alimwambia atengeneze bango la msiba, kwani fundi si yeye mwenyewe? Recheli akafungua kompyuta kutafuta picha, na hapo ndipo alipogundua kwamba miaka yote hiyo alikuwa amempiga mama yake picha za watu wengine.

Moja tu ilikuwa ya mama mwenyewe. Aliipiga kwa ajili ya tovuti ya asali ya Mzee Salmini, na kwa kuwa muuza asali hahitaji koti wala miwani, mama alisimama na kitenge chake cha kila siku, chupa mkononi, akicheka mpaka pengo lake lote likaonekana. Mjomba aliitazama akatikisa kichwa.

"Huyu anacheka, Recheli. Watu wanakuja kulia, sisi tunawawekea mtu anacheka?"

Wakachukua yule mfamasia. Recheli alikata koti kadiri alivyoweza, lakini kola nyeupe ilibaki, na ndugu waliotoka Goweko wakasimama mbele ya bango wakinong'onezana. Kumbe Advera alisoma udaktari huku mjini, na hakutuambia! Shangazi mmoja alilia mara mbili, kwanza kwa kifo, kisha kwa kufichwa. Recheli aliwasikia, na hakuwa na nguvu ya kuwasahihisha. Mama yake alizikwa akiwa daktari.

Matanga yalipoanuliwa alirudi kwenye meza yake. Kazi zilikwenda vizuri, tena vizuri kuliko zamani. Ujumbe wa wateja aliujibu, "Sawa, nimepokea." Chakula alikula. Alikuwa kama shavu lililochomwa sindano ya ganzi ya jino, unaligusa na unajua ni lako, lakini halisemi kitu. Watu walimsifu kwamba ni jasiri. Yeye alijua si ujasiri, ila hakujua ni nini.

Kitu kimoja tu alikifanya kila asubuhi. Alifungua tovuti ya asali, ambayo bado haijatoka hadharani, na kumkuta mama yupo, na chupa yake, anacheka. Kazi nyingine zote alikwisha kustaafu. Hii ilibaki, kwa sababu Mzee Salmini alikuwa bado hajaleta picha. Nakala ilikuwepo kwenye kompyuta, bila shaka, lakini nakala ni kitu kilichowekwa tu. Kwenye tovuti ile mama alikuwa bado kazini. Recheli akawa mbunifu wa kwanza Tabora kumwombea mteja wake achelewe.

Mzee Salmini hakuchelewa tena. Nane Nane ilikaribia, na alitaka tovuti iwe tayari kabla ya maonyesho. Alikuja na mkewe, Bi Fakhria, ambaye ndiye hasa aliyechuja asali ile na kuijaza kwenye chupa. Mzee, mwenye duka, alikuwa na kazi ya kuizungumzia.

"Shikamooni," alisema Recheli.

"Marahaba. Picha hii hapa, binti, usinilaumu tena," alisema Mzee Salmini, akimtumia kwa simu. Bi Fakhria kwenye picha alikuwa na hina mpya na mtandio wa hariri, amekakamaa kama anapigwa picha ya pasipoti. "Sasa mwondoe huyu mama uliyemtoa mtandaoni, umweke mwenye asali yake."

Recheli alishika kipanya. Mkono haukwenda.

"Kuna tatizo?" aliuliza Mzee.

"Hakutoka mtandaoni," alisema Recheli. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anaeleza bei. "Ni mama yangu. Alifariki mwezi wa tano."

"Innalillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema Mzee Salmini. "Basi abaki, binti yangu. Abaki hapo hapo. Kwani asali itaharibika?"

Recheli alitaka sana kusema asante. Lakini Bi Fakhria alikuwa amevuta kiti na kuketi kando yake, akiitazama picha kwa karibu.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Watu watakuja dukani kumuulizia. Wengine watamwita jina langu. Wewe mama yako ana jina lake." Akamwekea mkono mgongoni. "Mtoe mwenyewe. Mimi niko hapa."

Recheli akamtoa. Pakabaki peupe kidogo, kisha akamweka Bi Fakhria na hina yake, akasogeza maandishi, akauliza kama rangi inawapendeza. Ikawapendeza. Mkono wa Bi Fakhria haukuondoka mgongoni mpaka kazi ilipokwisha. Walipoaga aliwasindikiza hadi barabarani, wakapanda bajaji.

Aliporudi mezani alifungua ukurasa mtupu. Akaweka ile picha katikati, bila kichwa cha habari, bila nembo, bila namba ya simu ya mtu. Mama akamtazama akicheka, kitenge kikiwa bado na maji ya jikoni, na Recheli alijua kabisa anachoulizwa.

"Leo wewe ni marehemu, mama," alimjibu.

Hakuwahi kulitamka neno hilo, hata alipokuwa akiliandika kwenye bango. Akalaza kichwa juu ya meza akalia kwa sauti, hata majirani wakatoka nje wakiulizana nani tena amefariki kwa Mama Advera.