Mbegu Zilizopikwa Matangani

Tarehe tisa Januari mume wangu alifariki, na siku mbili baadaye mbegu zake nazo zikapotea. Yalikuwa maharagwe ya kutambaa, tuliyotoka nayo Bukavu. Alikuwa ameyachanganya na majivu ndani ya ndoo ili yasiliwe na wadudu, akisubiri kuyapeleka Lilongwe kwa mtafiti wa mbegu aliyemwahidi kipande cha shamba la majaribio. Wanawake waliokuja kupika matangani wakaiona ndoo, wakayaosha, wakayatia sufuriani. Nami nilikula. Sikujua.

Dada mmoja wa kanisani, Mkongo mwenzangu, alikuja kuniambia mwenyewe.

"Mi njo niliyapika, mama. Bantu balikuwa bengi, na sikuona kitu kingine."

Akaongeza kwa sauti ndogo, "Lakini yaliiva haraka sana."

Nikacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Kuiva haraka ndiko mume wangu alikokusifia kila siku.

Mwezi wa nne akaja jirani yetu, mama Mmalawi ambaye shamba lake linaanzia pale nyumba za kambi yetu ya wakimbizi ya Dzaleka zinapoishia. Alibeba kikapu cha maharagwe yale yale, mekundu yenye michirizi. Kumbe kabla ya mvua mume wangu alimpa konzi moja, kwa kuwa walisalimiana kila asubuhi. Hapo nikakumbuka siku aliyorudi nyumbani amenuna. Mama huyo hakutaka kukata miti ya kuegemeza maharagwe, akayaacha yapande juu ya mahindi. Mume wangu alimwambia anaharibu vyote viwili. Yeye alijibu zikomo, yaani asante, akaendelea.

Tulikwenda Lilongwe pamoja, tukimpelekea mtafiti yule kikapu hicho. Mtafiti alikuwa na mwenzake kutoka Chipata, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, aliyefika asubuhi hiyo na angerudi kwake jioni. Walizungumza na jirani yangu lugha moja, mimi nikifuata polepole. Mgeni alisema kwao mvua ni hii hii, na miti imekwisha vilevile. Alisema watu wa mbali humwandikia barua nzuri, lakini huyu wa Lilongwe akimwambia jambo, anakuja kuliona. Jirani alipoeleza alivyopanda, wote wawili waliuliza zaidi habari za mahindi kuliko za maharagwe: yalipandwa lini, yalikuwa na urefu gani maharagwe yalipoanza kupanda.

Kisha mtafiti akafungua daftari, akaniambia kwa Chichewa cha taratibu kwamba ataandika njia hii ya kupandisha maharagwe juu ya mahindi ni ya marehemu. Nilitamani sana aandike hivyo. Hakuna aliyebaki wa kunipinga ila jirani yangu, naye alikuwa akitazama kikapu chake.

"Hapana," nikasema. "Mbegu ni zake. Mahindi aliyakataa. Njia ni ya huyu mama."

"Alinigombeza mbele ya mbuzi wangu," jirani akasema, na sote tukacheka.

Mtafiti akaandika majina mawili, moja kwenye mbegu, moja kwenye njia. Akayagawa maharagwe mafungu mawili: moja la shamba lake, jingine la Chipata, litakalosubiri kibali cha kuvuka mpaka. Mahali pa marehemu nilitia sahihi mimi, na jirani akatia yake chini. Kisha tukatoka kutafuta nsima, ugali wa huku, maana hatukuwa tumekula tangu alfajiri.