Siku Niliposhindwa Kumtafsiri Bibi

Baba aliacha ng'ombe na kufungua duka la mitumba na redio Katesh biashara ya watu binafsi iliporuhusiwa. Alituambia, "Humu ndani ni Kiswahili tu. Kibarbaig chetu hakitawafikisha popote." Mama alitii. Kwa hiyo mimi nilikua nikijua salamu za bibi, majina ya vyakula na matusi mawili.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, mkoa wa Manyara ukiwa bado mpya, baba mdogo alipomleta bibi kutoka Basotu juu ya lori la vitunguu. Bibi alikuwa amejikunja, ameshika tumbo, vikuku vyake vya shaba vikigongana kila lori lilipoyumba. Baba alikuwa Arusha kufuata mzigo, mama amekwenda kwao msibani. Baba mdogo alinipitia nyumbani, akatushusha hospitalini, akageuka na lori lile lile kuwahi mifugo.

Daktari alikuwa kijana mgeni. "Binti, muulize kama amekunywa dawa yoyote."

Niliuliza kwa maneno ya kuokoteza. Bibi alinijibu kwa maneno mengi, akihema. Nilisikia "mti," nikasikia "jana," mengine yote yakapita. Daktari alinitazama, na wagonjwa wa vitanda vya jirani nao wakanitazama. Niliona aibu kusema sijaelewa lugha ya bibi yangu mwenyewe.

"Anasema hajanywa kitu," nikajibu.

Nesi akaenda kuandaa sindano. Bibi akanikamata mkono akarudia neno moja, mara tatu, mara nne, akinikazia macho. Hapo ndipo hofu iliponiingia. Nilijua nimesema uongo na kwamba uongo huo ungeingia mwilini mwake.

"Daktari, subiri kidogo! Sina hakika!" nikapiga kelele, nikatoka mbio.

Pale getini nilimkuta kijana aliyejitanda shuka, mkononi ana simu. Nikamwomba aje anitafsirie Kibarbaig. Akacheka kwa haya. "Dada, na mimi naungaunga tu." Nikakimbilia sokoni. Nilikuwa nikilia waziwazi, nikimuuliza kila mwanamke aliyevaa vazi la ngozi la Kibarbaig. Wa kwanza alinikwepa, akidhani nimechanganyikiwa. Wa pili alikuwa mama mtu mzima anayeuza maziwa.

"Shikamoo mama. Naomba uje unisaidie kuongea na bibi yangu. Anakufa."

"Marahaba. Bibi yako, halafu mimi ndiye niongee naye?" aliuliza, lakini akamwachia jirani vibuyu vyake, tukaondoka.

Tulikuta sindano bado ipo kwenye sinia. Yule mama akainama, wakazungumza. Kisha akamgeukia daktari: bibi alikuwa amekunywa dawa ya mizizi siku mbili mfululizo, nyingi, na tangu jana alikuwa akitapika damu; ndilo neno lile alilonirudia. Daktari aliniangalia, akamwambia nesi aondoe ile sindano.

Bibi akaongeza jambo kwa sauti ndogo. Yule mama akamshika bega.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Anasema anaogopa kufia mikononi mwa watu wasiomsikia."

Bibi alipona. Nilimrudisha Basotu, nikakaa naye miezi minne, akinisahihisha kila neno huku akicheka matamshi yangu. Alipofariki miaka kadhaa baadaye, nilielewa kama nusu ya yale wazee waliyomwombea kaburini. Nusu ile nyingine sikuthubutu kumuuliza mtu.

Sasa naishi Mogitu. Binti yangu hutazama katuni kwenye simu na kunijibu kwa Kiingereza. Wiki iliyopita nilimwita kwa Kibarbaig, mara mbili. Aliendelea kutazama simu. Nikasimama mlangoni, nikashindwa kumwita mara ya tatu.