Kibao Nilichomwandikia Baba

Harufu ya rangi ya mafuta iliyochanganywa na petroli hunichafua roho mpaka leo. Ni aibu, maana mimi hufundisha usanifu wa michoro chuo kikuu, na Jumamosi huchora mabango ya maduka Kericho mjini. Wanafunzi hudhani nina mzio. Nyinyi nitawaambia ukweli, ila msiwaambie wao.

Nilikuwa msichana wa darasa la sita, kwetu Mogogosiek. Mwandiko wangu ulikuwa umenivimbisha kichwa. Mwalimu alinipa chaki nimwandikie ubaoni, nami nikatembea shule nzima kama diwani. Baba mdogo alikuwa amefariki. Wiki mbili baada ya mazishi, baba alinipa kipande cha bati na rangi nyekundu iliyobaki tulipopaka geti la kanisa.

"Andika, 'Usichume majani chai hapa. Amri ya mwenye shamba,'" akasema. "Na iwe straight."

Nilijua ni chai ya nani. Ilikuwa ya mama mdogo, mjane wa marehemu, aliyenilea mwaka mzima mama yangu alipokuwa mgonjwa. Mistari ile ya chai ndiyo iliyolisha watoto wake watatu. Lakini mimi niliwaza herufi tu. Nilipiga mistari kwa rula na penseli, nikapima nafasi, nikapaka polepole ulimi ukiwa nje. Zilitoka nzuri ajabu. Baba akakisimamisha kibao katikati ya shamba, nami nikashinda nikipita pale kujiona.

Kesho yake, Jumamosi, mama mdogo alinikuta hapo hapo. Alikuwa amejifunga nailoni kiunoni kwa sababu ya umande, kikapu mgongoni. Hakuwahi kukanyaga darasa.

"Ni nani ameandika kitu safi hivi?"

"Ni mimi."

"Weh! Mungu abariki hiyo mkono." Akapitisha kidole juu ya herufi, taratibu. "Sasa, mama, nisomee. Inasema aje?"

Nikajifanya nafuata herufi kwa kidole.

"Inasema... wezi wa majani chai watashikwa."

"Basi mimi si mwizi," akasema, akaingia kuchuma.

Njia ya mwongo ni fupi. Saa nne haijafika, baba alikuja, akakimwaga kikapu cha mama mdogo matopeni. "Hukuona kibao?" akafoka. Nilisimama pale nikingoja mama mdogo anitaje.

"Mimi sijui kusoma," mama mdogo akasema.

Hakunitaja. Mwezi haukuisha akahama na watoto wake, wakaenda kwa ndugu zake Chepseon. Sikumwona tena.

Kwa miaka mingi nilijuta ule uongo, nikidhani nilimdanganya mtu asiyejua. Nimeelewa nikiwa mtu mzima, na inaniuma zaidi. Hakuna mjane asiyejua maana ya bati lililochomekwa katikati ya chai yake wiki mbili baada ya kumzika mumewe. Alijua kabla hajanisalimu. Alitaka tu kusikia kama katika boma letu kuna mtu, hata mtoto, aliye upande wake.

Aliniuliza kwa upole kabisa, na mimi, kwa ule uongo, nikamjibu kuwa hayupo.