Unga wa Mwalimu wa Baiolojia

Mwalimu wa baiolojia huotesha ngano na ulezi kwenye gunia lililoloweshwa, huanika, husaga, kisha hulamba kijiko kila asubuhi amefumba macho kama anayepokea komunyo. Majirani zake wa Kaengesa walidhani anaandaa pombe, wakaanza kumsalimia kwa heshima isiyo ya kawaida. Yeye husema unga huo huamsha seli zifagie taka zake zenyewe, na husema polepole, akipangusa vidole kwenye suruali ileile ya kaki. Anaujaribu mwilini mwake tangu Kwaresima, maana mama yake anasahau, na hawezi kumpa kitu asichokijua. Tumbo lilimsokota, akapunguza kijiko, akaendelea.

Juzi aliukoroga kwenye uji, akampelekea. Mama alimtazama kama anayemtazama mpita njia.

"Onja kwanza," alisema, kama anavyoambiwa yeyote huku anayemkaribisha mtu pombe.

"Nimeonja miezi yote hii, mama."

"Mimi sijakuona. Kwani wewe mtoto wa nani?"

Mwalimu alikunywa funda, akameza, akafungua kinywa wazi ili mama aone hakuna kilichobaki. Mama alichungulia, akaridhika, akapokea kikombe.

"Haya, asante, mgeni wangu."