Turbo Niliyomfungia Shemeji Shaabani

Lori la shemeji yangu lilirudi Buyenzi likiwa zima. Kioo hakijavunjika, tairi zote zina upepo, bodi haina tundu jipya hata moja la risasi.

Ila aliyeshuka kwenye usukani hakuwa shemeji yangu.

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa gereji, spana mkononi. Nililitambua lori kabla halijakata kona, kwa ule mluzi wa turbo niliyoifunga mwenyewe. Nikapiga kelele kwa furaha, "Shaabani huyo!" Mlango ukafunguka, akashuka mzee Méthode, dereva mwenzake, suruali imejaa damu iliyokauka. Akavua kofia.

Jamani, haya sijawahi kuyaandika popote. Leo nayatoa kama yalivyo, atakayenilaumu na anilaumu.

Mimi ni Tajudini, fundi wa magari, mzaliwa wa Buyenzi hapa Bujumbura. Injini nilizijua kabla sijajua kunyoa ndevu.

Mwaka ni 1998, vita imeingia mwaka wa tano. Ukitaka kwenda bara, Gitega huko, hukurupuki tu na gari lako. Magari yanakusanyika asubuhi juu ya Kamenge, wanajeshi wanakaa mbele na nyuma, mnapanda mlima pamoja mpaka Bugarama. Ndiyo konvwa hiyo.

Sasa kwenye ule mlima, ukiwa na mzigo, kila lori na pumzi zake. Lenye nguvu linakwenda, dhaifu linabaki likikohoa. Wanajeshi wa nyuma wakichoka kulisubiri, wanalipita. Na wale wenye bunduki waliojificha vilimani hawakuwa na haraka. Walikuwa wanamngoja anayebaki.

Shaabani alikuwa mume wa dada yangu Khadidja, ambaye ananifuata mimi kwa kuzaliwa. Lori lilikuwa lake mwenyewe, Benzi kuukuu yenye turbo ya kiwandani, aliyoinunua baada ya miaka kumi na tano ya kuendesha malori ya watu. Mtu wa utani sana. Alikuwa akiniambia sisi mafundi ni kama waosha maiti, gari tunalijua likishalala tu.

Nilimpenda yule bwana. Niliseme wazi hilo.

Mwezi wa pili akarudi safari na matundu matatu mlangoni. Lori lilichoka mlimani, konvwa ikamwacha, akaponea chupuchupu.

Kesho yake Khadidja akatua gerejini. Hata salamu hakutoa.

"Kaka, kamyo ya Shaabani inachoka mu mulima. Ifanyie kitu."

"Kitu gani?"

"We ndiye fundi! Ipatie nguvu, apande mbele ya wote. Mi niko na watoto wawili, na wa tatu iko mu tumbo. Sitaki kuwa mujane na umri huu."

Nikapiga kifua. "Nenda ulale, dada. Nitamufungia turbo mupaka konvwa yote itamuona mugongo."

Kusema ni rahisi. Nchi ilikuwa imewekewa vikwazo, spea za maana hazipatikani. Nikavuka Gatumba mpaka Uvira, nchi ya jirani, kwa mzee mmoja wa vyuma chakavu, Byamungu. Alikuwa na kichwa cha treila kilichopinduka, injini kubwa kuliko yetu. Nikang'oa turbo yake. Nikang'oa na ile radieta ya hewa, inayopoza hewa kabla haijaingia kwenye injini. Klachi nayo nikaibeba. Nikavuka navyo mpakani chini ya magunia ya ndagala, dagaa wetu wa ziwani, na harufu ile iliniganda wiki nzima.

Kazi ilichukua siku kumi na moja.

Turbo kazi yake ni kuilisha injini hewa kwa nguvu. Ukiongeza hewa, unaongeza na mafuta. Ukikosea ukazidisha mafuta, pistoni zinaungua na safari inaishia porini. Kwa hiyo sikufanya papara. Nikakata bamba nene la chuma ili turbo kubwa ikae pale ilipokuwa ndogo. Nikabadilisha nozeli za kunyunyiza mafuta, nikafungua pampu yake kidogo kidogo huku naangalia moshi, mpaka ukaacha kuwa mweusi. Bomba la moshi nikaweka pana.

Shaabani alikuwa anakuja kila siku na chupa ya chai. Siku moja akachuchumaa pembeni yangu.

"Shemeji, usiiongeze sana. Iwe ya kawaida tu."

"Unaogopa itakunywa mazutu?"

Akacheka. "Ee. Mazutu."

Nikajua ndiyo ubahili wa madereva huo, mazutu, yaani dizeli, ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Nikaongeza vilevile.

Siku ya kujaribu tukapakia mchanga tani kumi, tukaelekea mlima wa Kiriri. Pale ambapo siku zote lilikuwa linaomba gia ya kwanza, likapanda na ya tatu. Linapiga mluzi, linapanda! Nilimpiga Shaabani begani mpaka akaniambia nimwache aendeshe. Wallahi, sijawahi kujivunia kazi ya mikono yangu kama siku ile.

Na hapo ndipo nilipoharibu.

Mchana ule ule nikaenda kwa Mama Zubeda, kibanda cha chai wanapokaa madereva wa konvwa. Sikukaa hata kwenye benchi. "Nani hapa iko na kamyo ya kuishinda ya Shaabani? Hakuna! Kuanzia leo ile ndiyo dume ya mulima!"

Nilitegemea watabisha. Hawakubisha. Waliangaliana tu. Mzee Méthode, mkubwa wao, akaniuliza taratibu, "Kweli inapanda na troisième?"

"Gia ya tatu, na tani kumi, mzee!"

Akatikisa kichwa, akamaliza chai yake, akaondoka. Wengine wakamfuata. Nikajisemea, wivu huo.

Jumatatu asubuhi nikawasindikiza mpaka Kamenge. Khadidja alimshika mumewe mkono, hataki kuuachia. Machozi yanamtoka. Nikamtania, "Unalia nini we? Leo bwana yako iko na nguvu kuliko wote." Akaniangalia. Akazidi kulia. Nikadhani ni mambo ya mimba.

Jumanne ndipo lori likarudi na yule mzee.

Wanajeshi walimleta Shaabani mchana. Tulimzika kabla ya magharibi, na dada yangu alilia mpaka sauti ikakatika ikabaki pumzi tu. Mimi sikulia. Nilikuwa na swali moja linanikaba: kwa nini yeye? Nguvu nilimpa. Ilikuwaje risasi zikamkuta?

Siku ya tatu ya matanga, Méthode akanivuta pembeni, nyuma ya jiko.

"Kamyo yangu ilikufa mu kona, karibu na Bugarama," akasema. "Konvwa imepita, wanajeshi wamepita. Juu ya muzigo niko na wamama saba, wachuuzi. Nikasema basi, tumekwisha. Shaabani akasimama nyuma yangu."

"Nyuma yako alikuwa anafanya nini? Mi nilimupatia nguvu ya kukaa mbele!"

Akaniangalia kwa huruma. Ile huruma mpaka leo naiona.

"Taju, we hujawahi kupanda na konvwa. Sisi mashofere tuko na sheria yetu, hata wanajeshi hawaijui. Kamyo ya nguvu kuliko zote ndiyo inafunga mukia. Mwenye kubakia, yeye anamukokota. Zamani mukia ilikuwa ya Aloys, ndiye alimukokota Shaabani siku ile walitoboa mulango. Aloys alikimbilia Tanzania, mukia ikabaki bila mutu. Halafu we ukakuja pale kwa Mama Zubeda."

Nikakaa juu ya kuni.

Akaendelea. Shaabani aliwahamishia wale akina mama kwenye lori lake, wote saba. Akasema haiwezekani kuacha lori la mzee porini na mnyororo anao. Akashuka kuufunga. Akainama. Risasi mbili, basi. Méthode alimvuta mpaka ndani ya kabini, akamlaza mapajani kwake, akakamata usukani mpaka Bugarama kwa wanajeshi.

"Taju, ilipanda!" mzee akanishika mabega. "Na muzigo, na sisi wote, ilipanda kama iko tupu! Umeokoa watu wanane, mutoto wangu."

Alisema hivyo kunipoza. Mimi nilisikia kitu kimoja tu, kwamba nilimuahidi dada yangu kumpeleka mumewe mbele, na kwa mikono yangu na kwa mdomo wangu nikamweka mkiani.

Nikamuapisha mzee asimwambie Khadidja. Akaapa.

Khadidja alijifungua mtoto wa kike, akamwita Assia. Lori akampa Méthode aliendeshe, na ndilo lililowalisha. Mimi kila Ijumaa nilikuwa napeleka mchele na sukari. Naviacha mlangoni, naita "Hodi, hivyo hapo!" kisha naondoka. Ndani siingii. Chakula chake sili. Nitakulaje ugali wa mwanamke niliyemfanya mjane?

Miaka saba, ndugu zangu. Dada yangu wa tumbo moja, tunaishi mitaa miwili tu.

2005 barabara ikafunguka, konvwa ikaisha. Kukawa na harusi ya binamu yetu Gitega. Mama akaamuru nimpeleke Khadidja kwa pikapu yangu, na amri ya mama haina rufaa. Tukapanda ule mlima sote wawili, redio ikitusaidia kutozungumza.

Tulipoikaribia ile kona aliyonitajia Méthode, mguu wangu ukalegea wenyewe kwenye mafuta.

"Ni hapa?" akauliza.

"Ni hapa."

"Simamisha."

Tukashuka. Jua kali, wanawake wanapita na karoti vichwani, watoto wanakimbiza tairi. Khadidja akamsomea mumewe Fatiha. Alipofuta uso nikashindwa kujizuia, nikaanguka magotini pale pale kwenye kokoto.

"Khadidja, mi ndiye nilimuua Shaabani."

Nikamwaga yote. Sheria ya mkia, kelele zangu kwa Mama Zubeda, maneno ya Méthode. Nililia machozi yote niliyoyanyima matanga.

Hakushtuka. Alichuchumaa akanifuta kamasi kwa ncha ya mtandio, mimi mzee mzima.

"Kaka, nilijua."

"Ulijua nini?"

"Yote. Siku ile ile, jioni, mashofere walikuja nyumbani kumupatia Shaabani mukono, eti sasa we ndiye mukia. Akanieleza maana yake. Nikamuomba akatae. Akasema Aloys hakukataa, ndiyo maana niko hapa nakula ugali yako. Nikasema basi, naenda kwa Taju ayitoe hiyo turbo. Akanishika. Akasema, usimuambie Taju kitu. Akijua, hatagusa tena injini maisha yake yote."

"Miaka saba, Khadidja! Kwa nini hukunitukana hata mara moja?"

"Ningekutukana nini? Mi ndiye nilikuja mu garaje kukutuma. Nilinyamaza juu niliogopa utajifanya kitu kibaya. Bwana nilishamupoteza, kaka nilitaka nibaki naye. Halafu ukaacha kuingia kwangu. Ukaacha kula kwangu. Unatupa mufuko mu mulango kama unalisha mukoma. Nikasema, ah, basi. Kaka amenichukia. Amejua ni mi nilimutuma, na anamulilia shemeji yake kuliko kunihurumia mi."

Wenzangu, niliwahi kuvunjika mkono, niliwahi kuangukiwa na gearbox. Hakuna kilichowahi kuniuma kama maneno yale.

Assia wetu alikuwa ameshaanza shule. Sikuwahi kumbeba.

Harusini tulifika tumechelewa, pilau limeisha. Tuliletewa ukoko kwenye sahani moja, tukala sote wawili, Khadidja analia, mimi nalia, watu wanashangaa tunalilia nini kwenye sherehe.

Nimalizie kwa kuwaambia nilichojifunza, mkitaka kipokeeni. Wewe fundi, na wewe unayempa mtu nguvu ya aina yoyote, iwe mashine, iwe cheo, kaa kwanza umuulize ataenda kuifanyia nini huko anakokwenda. Shaabani alitaka kuniambia, mimi nikamjibu habari za mazutu. Na kama kuna jambo mnafichana na ndugu yako kwa kuhurumiana, nenda leo ukamwambie, hata kama mtagombana. Mimi na dada yangu tuligawana msiba mmoja vipande viwili, kila mtu akaulilia peke yake, na aliyekufa hakutaka hata mmoja wetu aumie.